Bingwa wa Berlin 1936 na pete tano kwenye pua ya ndege

 Wengi mmeniuliza kama nimeshafika kwenye ule uwanja wa Olimpiki wa enzi za Hitler. Nimefika jamani, na majina ya washindi wa 1936 bado yako ukutani. Kila mtu anatafuta la Jesse Owens. Leo naomba niwaletee habari za mwingine: Gotthard Handrick.

Huyu alizaliwa Zittau mwaka 1908, akawa rubani wa ndege za kivita. Mchezo wake ni pentatloni ya kisasa, ambao huko kwetu haujulikani kabisa. Enzi hizo mtu mmoja alishindana kupanda farasi, kupigana kwa upanga mwembamba, kulenga shabaha kwa bastola, kuogelea mita 300 na kukimbia mita 4,000. Wakati ule ilikuwa siku tano, kila siku na kazi yake. Ulibuniwa kumpima mwanajeshi aliyekwama nyuma ya mistari ya adui, kwa hiyo wachezaji karibu wote walikuwa maofisa.

Tangu 1912 dhahabu ilikuwa ya Wasweden tu, mara tano mfululizo. Handrick akawa wa kwanza kuwapokonya. Wa pili alikuwa Mmarekani Charles Leonard, aliyepata alama zote 200 kwenye shabaha (hebu fikiria, hakukosa hata moja!), na wa tatu Muitaliano Silvano Abba.

Mwaka uliofuata bingwa wetu yuko Hispania. Hitler alikuwa amepeleka kikosi kiitwacho Legion Condor kumsaidia Franco. Aprili 1937 ndege za kikosi hicho na za Waitaliano ziliuteketeza mji wa Guernica. Julai Handrick akakabidhiwa uongozi wa ndege zake za kivita. Na ndege yake mwenyewe, pale puani pangaboi linapozungukia, ilipakwa pete tano za Olimpiki, mwaka 1936, na upande mwingine 1940 na alama ya kuuliza.

Wapo wanaosema alikuwa mwanajeshi tu, alitii amri. Sawa. Lakini mimi nauguza wazee ambao walikuwa watoto chini ya mabomu, na zile pete kwenye ndege ya kuua watu siwezi kuzitazama kama mapambo.

Michezo ya 1940 haikufanyika. Majira ya joto ya mwaka huo Handrick aliongoza kikosi cha JG 26 dhidi ya Waingereza, lakini Agosti Göring akamweka Adolf Galland, kijana zaidi. Baadaye akapelekwa pande nyingine, hadi kaskazini kabisa, Norway.

Abba aliuawa Urusi tarehe 24 Agosti 1942, akiwa na kikosi cha farasi. Handrick alinusurika, akafariki Ahlen mwaka 1978. Leonard aliishi hadi 2006.

Zamu ya usiku inaniita. Nisalimieni wote.