Katapila na Mafuta Yake: Fundisho la Kongwa kwa Wakulima wa Tarime na Serengeti

Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, imetupasa kusema juu ya jambo ambalo wanachama wamelitaja mara nyingi mikutanoni, nalo ni katapila. Ndugu zetu wa Serengeti wataka malambo ya kunyweshea ng'ombe wakati wa kiangazi. Wale wa milima ya Tarime wataka njia ambazo lori la kahawa laweza kupita hata siku za mvua. Wote wauliza swali moja: Je, kwa nini tusichange fedha tukanunua katapila kuukuu, likatufanyia kazi zote hizo?

Swali hilo ni la haki, wala si vema kulijibu kwa pupa. Kwanza tutazame yaliyowapata wengine katika nchi hii hii, kisha tutazame ndani ya mashine yenyewe.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Bwana Frank Samuel wa United Africa Company alitoa shauri la kulima karanga kwa mashine katika Afrika ya Mashariki. Ujumbe ulioongozwa na Bwana John Wakefield ukaja kukagua nchi, nao ukapendekeza kufyeka zaidi ya eka milioni 3, nyingi zaidi zikiwa Tanganyika. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, na baadaye ikafika Urambo na Nachingwea.

Matrekta mapya yalikuwa haba wakati huo. Kwa hiyo yakanunuliwa makuukuu yaliyobaki vitani, mengine kutoka Ufilipino. Hata vifaru aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta na kampuni ya Vickers, vikapewa jina la Shervick. Kabla ya mwaka 1947 kwisha, takriban theluthi mbili ya matrekta yaliyoletwa yalikuwa hayafanyi kazi.

Wengi husimulia kwamba Kongwa ilishindwa na mibuyu, ukame na udongo mgumu. Ni kweli, mambo hayo yalikuwapo. Lakini mashine zilikuwa zimechoka kabla ya kushushwa bandarini, vipuri vilikosekana, madereva walifunzwa kwa muda mfupi mno, na karakana hazikuwa tayari kuzipokea. Watu walitanguliza mashine, wakamsahau fundi. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango huo, na hasara ikahesabiwa kuwa zaidi ya pauni milioni 36. Waingereza walikuwa na hazina ya dola ya kubeba hasara ile. Sisi tuna makato ya kilo ya kahawa na ya pamba, basi.

Sasa tuitazame mashine. Makatapila mengi ya zamani zile yalipitisha nguvu ya injini kwa klachi ya kawaida, yaani sahani zinazobanana. Mwaka ule ule wa 1947 kampuni ya Allis-Chalmers ya Marekani ilitoa katapila liitwalo HD-19, lenye chombo kiitwacho toki-konveta. Chombo hicho hakikuwa kigeni kwa wahandisi. Mjerumani Hermann Föttinger alikuwa amekibuni mwaka 1905 kwa ajili ya meli. Tangu hapo kimeenea, na makatapila mengi makuukuu yanayouzwa leo yanacho.

Kazi yake si ngumu kuieleza. Mtu akikoroga maji katika sufuria, jani linaloelea huzunguka ingawa mkono wake haukuligusa. Ndivyo ilivyo ndani ya toki-konveta. Gurudumu la kwanza huzungushwa na injini na kuyatupa mafuta kwa nguvu. La pili husukumwa na mafuta hayo na kupeleka nguvu kwenye gia. Na kati yao lipo la tatu, ambalo huyageuza mafuta yarudi yakasukume tena. Mzigo ukiwa mzito, nguvu ya kuzungusha huongezeka mara mbili au zaidi, na injini haizimiki.

Lakini hakuna faida isiyo na gharama, na gharama yake ni joto. Katapila likisukuma kisiki kisichong'oka, minyororo imesimama na injini yanguruma, nguvu yote ya injini hugeuka joto ndani ya mafuta. Mafuta yakiungua hupoteza unene wake, sili hukauka na kuvuja, na beringi huanza kulika. Dereva asiyejua hudhani mashine yavumilia, kumbe yateketea kimya kimya.

Kwa hiyo utunzaji wake ni utunzaji wa mafuta. Mafuta yawe ya aina iliyotajwa katika kitabu cha mashine, wala yasichanganywe ovyo. Kipimo kitazamwe kila siku kwa namna kitabu kinavyoagiza. Ndoo na faneli ziwe safi, maana vumbi letu la kiangazi halina huruma. Filta ibadilishwe kwa saa za kazi zilizowekwa, na ya zamani ikaguliwe: chembe za chuma ni habari mbaya. Mafuta yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia, na mara nyingi yatoka kwenye kipoza mafuta kilichotoboka. Rejeta isafishwe mbegu za nyasi. Geji ya joto ikikaribia alama nyekundu, dereva apunguze mzigo au ashuke gia, asingoje moshi.

Na kwa anayetaka kununua kuukuu, kuna jaribio moja la kufanywa na fundi, kitabu kikiwa mkononi. Mafuta yakiwa na joto la kazi, hufunga breki, huingiza gia, hukanyaga moto kwa sekunde chache tu, kisha husoma mizunguko ya injini. Ikizidi kiasi cha kitabu, huenda mafuta yamepungua au klachi za gia zateleza. Ikipungua, huenda injini imechoka au toki-konveta ina hitilafu. Rangi mpya haitaficha jambo hilo.

Ndugu wanachama, hatusemi kwamba mashine ni adui. Baba zetu walipolipokea plau la ng'ombe hawakukosea, kwa kuwa walimjua ng'ombe, malisho yake na maradhi yake, na mhunzi wa karibu aliweza kulinoa jembe. Waliweza kuitunza kazi waliyoianza. Hicho ndicho kipimo.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Kabla ya kununua, tumpeleke kijana mmoja wa Tarime na mmoja wa Serengeti wakasomee ufundi wa mashine nzito. Tujenge stoo safi ya mafuta. Tuweke daftari la saa za kazi, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Katika kila saa ya kazi itengwe fedha ya vipuri, isiguswe kwa jambo lingine. Mpaka hayo manne yatimie, malambo na njia zetu tuzichimbe kwa katapila la kukodi, na bei ya kukodi tuilipe bila kunung'unika. Ni ghali, lakini twaijua mapema.

Kongwa walianza na mashine, wakamtafuta fundi baadaye. Sisi tuanze na fundi. Miaka kumi ijayo, katapila letu likiwa bado latembea, wajukuu watasema wazee wao walisoma habari za wenzao, wakazielewa.

Udumu Ushirika wetu.