Salfa ndani ya stenlesi: adui aliyeajiriwa kazi

Leo naweka programu kando nizungumzie chuma.

Juzi pampu ya maji ya nyumbani ilikwama. Tulipoifungua tukakuta shafti imepasuka. Karatasi ya pampu ilisema shafti ni stenlesi namba 416. Fundi akachukua sumaku, ikanata. "Kijana, hii si stenlesi. Ngoja niichomelee, jioni una maji." Nikamwomba siku moja nisome kwanza. Nilichokuta ni hiki.

Twende Sheffield, Uingereza, mwaka 1913. Harry Brearley, aliyeacha shule akiwa mtoto na kujifunza kazi maabara, alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi. Mwezi wa Agosti akayeyusha chuma chenye kromiamu asilimia 12.8 na kaboni asilimia 0.24. Alipokitia asidi ili akichunguze kwa hadubini, kikagoma kulika. Siki na limau navyo vikashindwa. Brearley akasahau bunduki, akafikiria visu vya mezani.

Chuma hicho kilikubali pia kufanywa kigumu kwa moto. Ukikipasha hadi karibu nyuzi 1,000 za Selsiasi kisha ukakipoza haraka, kinakuwa kigumu sana. Ukikipasha tena kwa moto wa chini, kinapunguza uvunjikaji na kubaki imara. Stenlesi ya sinki, yenye nikeli, haigeuki hivyo kwa moto, na kwa kawaida sumaku haiishiki. Ukoo wa Brearley sumaku huushika. Hapo ndipo fundi wangu alipopotea: stenlesi si moja.

Tatizo likabaki kwenye mashine ya kerezo. Stenlesi ilinata kwenye kisu cha mashine, ikatoa nyuzi ndefu zilizojisokota, na makali yakaisha upesi. Kisu cha mezani hufuliwa na kunolewa, lakini skrubu, nati na shafti lazima zikerezwe, tena kwa maelfu. Hapo ndipo gharama ilipokuwa.

Dawa ikatoka kwa adui. Tangu zamani wafua chuma waliiogopa salfa. Ikiungana na chuma hufanya utando unaoyeyuka mapema kati ya punje zake, na chuma kikigongwa kikiwa chekundu kinapasuka. Katika miaka ya 1850 Robert Mushet, Mwingereza, alionyesha faida ya kutia manganisi katika chuma kilichoyeyushwa. Manganisi huishika salfa kabla haijafanya fujo, na kuifungia katika vijipande vidogo vilivyotawanyika.

Vijipande hivyo ndivyo siri yenyewe. Kisu cha kerezo kikivifikia, ule uzi mrefu unakatika vipande vifupi, na vyenyewe vinapunguza msuguano kama mafuta. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Frank R. Palmer wa kampuni ya Carpenter Steel, huko Reading, Pennsylvania, Marekani, akaitia salfa makusudi katika stenlesi ya kromiamu. Kizazi chake ndicho tunachokiita 416. Ndugu yake, 410, haruhusiwi kuzidi salfa asilimia 0.03. Kwa 416 sheria imegeuzwa: salfa isipungue asilimia 0.15, yaani mara tano ya kikomo cha ndugu yake! Kati ya stenlesi zote, 416 ni miongoni mwa zile rahisi kabisa kukereza. Ndiyo maana utaikuta katika shafti za pampu, vali, bolti na gia. Hata mitutu ya bunduki za shabaha hutengenezwa kwa jamii yake, kwa hiyo chuma kimerudi pale Brearley alipoanzia.

Lakini hakuna cha bure. Kila kijipande cha salfa ni mlango wa kutu, kwa hiyo 416 hushika kutu mapema kuliko 410, na mbali sana kuliko stenlesi ya sinki. Maji matamu na hewa ya kawaida inavumilia. Maji ya chumvi, kama ya Mombasa au Lamu, yataitoboa vishimo. Na ukiichomelea, salfa inarudia tabia yake ya zamani: kiungo kinapasuka kikipoa.

Kesho yake nikarudi kwa fundi. "Mzee, tusiichomelee, itapasuka palepale. Ikerezwe mpya." Akacheka, akaniambia mtu wa kompyuta amekuja kumfundisha chuma. Tukaenda kwa jirani yake mwenye kerezo. Kipande cha 416 kikakatika kwa vipande vifupi, vikavu, vikidondoka kama unga wa mbao. Fundi akaviokota, akavitazama, akanyamaza kidogo.

"Kumbe hii ina kitu ndani," akasema.

Maji yanatoka.