Bei ya Ngano na Kiapo cha Mwanachuo

Mwaka 1707 kilichapishwa nchini Uingereza kitabu kiitwacho Chronicon Preciosum, bila jina la mwandishi. Aliyekiandika ni kasisi William Fleetwood, ambaye baadaye alipata uaskofu. Kilichomshikisha kalamu ni kiapo. Katika chuo kilichoasisiwa kati ya mwaka 1440 na 1460, mwanachuo aliapa kuiachia nafasi yake endapo angepata mali ya kumwingizia zaidi ya pauni 5 kwa mwaka. Sasa karne mbili na nusu zilikuwa zimepita. Je, mwenye pauni 6 angeweza kula kiapo hicho kwa dhamiri safi, au alipaswa kufungasha virago?

Fleetwood alifukua hati za kale, akakusanya bei za ngano, nyama, vinywaji na nguo, kisha akauliza: pauni 5 za wakati ule zilinunua nini? Akaona zilitosha kununua vitu ambavyo katika zama zake vingehitaji takriban pauni 28 hadi 30. Jina la fedha lilikuwa lilelile, lakini nguvu yake ilikwisha kupungua. Mwasisi alikusudia kuwazuia matajiri, si kumtoa chuoni mtu wa kipato kidogo.

Miaka minane kabla yake, Charles Davenant alikuwa amechapisha hesabu ambayo wengi huinasibisha na Gregory King. Mavuno yakipungua kwa sehemu moja ya kumi, bei hupanda kwa sehemu tatu za kumi. Yakipungua kwa nusu, bei hufika mara tano na nusu ya ile ya kawaida. Mtu huweza kuahirisha kununua kanzu mpya. Chakula cha watoto hakiahirishwi. Kwa hiyo upungufu mdogo shambani huwa msiba mkubwa sokoni, hasa kwa asiye na akiba.

Adam Smith, katika kitabu chake cha mwaka 1776, alitumia bei za Fleetwood pamoja na zile za chuo cha Eton, zinazoanzia mwaka 1595 hadi 1764. Hakuzipokea kibubusa. Alionya kwamba Fleetwood alikusanya zaidi bei za miaka ya ajabu, ya njaa kali au ya neema kubwa. (Hata sisi hukumbuka zaidi mwaka unga ulipoadimika.)

Smith aliwatetea pia wafanyabiashara wa nafaka, ambao umma uliwaita walanguzi. Kwake, hofu dhidi yao ilifanana na hofu ya uchawi: wanapopandisha bei mapema, huwafanya watu wale kwa kiasi, kama nahodha apunguzaye posho ya mabaharia chakula kinapokaribia kwisha. Mfano huo ni mzuri, ila mimi haunitoshelezi. Nahodha humpimia kila baharia fungu lake. Bei ya soko humpimia mtu kwa kadiri ya mfuko wake.