Ukijani wa Ghuba ya Winam

Maji ya Ghuba ya Winam, ambayo ukijani wake wageni wengi huusifu wakidhani ni jamala ya asili, aghalabu hupata rangi hiyo kwa wingi wa vijimea vidogo mno, vilishwavyo na fosforasi na naitrojeni ziletwazo na mito ya Nyando na Sondu kutoka mashamba ya miwa na chai, pamoja na maji machafu ya mji wa Kisumu. Na kwa kuwa ghuba ni ya kina kifupi na mlango wake kuelekea ziwa kuu la Viktoria ni mwembamba, kiingiacho humu hukawia kutoka. Gugu maji, mgeni wa asili ya Amerika ya Kusini, lilineemeka kwa riziki iyo hiyo, hata kufikia 1998 likawa limefunika eneo kubwa la ghuba na kuzifungia mashua bandarini. Mafunjo ya kinamasi cha Dunga, karibu na Kisumu, hunasa udongo na kufyonza mbolea kabla hazijafika ziwani, maadamu hayajakatwa yote. Baadhi ya vijimea vile viletavyo ukijani hutoa sumu idhuruyo ini, wala haiondoki kwa kuchemsha maji.