Gari la Mlimani Hupimwa Likishuka

Juma hili, ndugu msikilizaji, natupande pamoja kutoka Mombo kwenda Lushoto, mkoani Tanga. Si safari ndefu, kilomita 33 hivi. Barabara inaiacha njia kuu ya Moshi, inaanza kujikunja ubavuni mwa mlima, inapita Soni penye maporomoko ya maji, na hatimaye inakufikisha mjini. Mombo iko kiasi cha mita 400 juu ya usawa wa bahari. Lushoto inakaribia mita 1,400.

Vijiweni, watu wakiitaja njia hii hubishana juu ya kupanda. Huyu anasifu Land Rover, yule anaapa kwa Land Cruiser, wa tatu anasema bila Fuso hakuna biashara. Ni ubishi mtamu, nami sina nia ya kuukatiza. Lakini historia ya milima ya Usambara inaonyesha kwamba kazi ngumu ni ile ya kurudi chini.

Zamani mambo yalikuwa kinyume. Enzi za Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Wasambaa, ushuru na zawadi vilipanda kwenda Vuga, makao yake makuu. Ndiko alikokwenda mmisionari Krapf mwaka 1848, na Burton na Speke mwaka 1857, kwa miguu, mizigo ikiwa vichwani na mabegani mwa wapagazi. Kimweri alifariki mwaka 1862. Mwanawe Semboja akaona mbali, akajiweka Mazinde, huku chini tambarare, kwa kuwa ndiko misafara ya biashara ilikopita. Tangu hapo uzito wa mambo ukaanza kuteremka.

Wajerumani waliukamilisha mgeuko huo. Walianza kujenga reli Tanga mwaka 1893. Ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Itazame kwenye ramani: inaambaa chini ya milima, haijaribu hata mara moja kupanda kwenda Lushoto, ambayo wao waliiita Wilhelmstal. Kwa hiyo kila kilichotoka juu kikitafuta meli ya Ulaya ilibidi kwanza kishuke hadi stesheni.

Huko Shume kulikuwa na misitu ya mierezi, mti ambao wenyeji huuita mwangati, na Ujerumani iliutaka kwa kutengenezea penseli. Gogo la mwerezi halibebwi kichwani. Kampuni ya mbao ya Wilkins na Wiese ikaiagiza kampuni ya Bleichert ya Leipzig ijenge njia ya kamba za chuma angani, kutoka msituni hadi stesheni ya Mkumbara. Njia hiyo, iliyokamilika kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ilikuwa na urefu wa karibu kilomita 9, ikipita juu ya makorongo ambayo mpaka leo ukiyachungulia magoti yanalegea.

Sasa sikiliza mafundi wa aina hiyo ya njia walivyofikiri. Mzigo mzito unaposhuka huivuta kamba wenyewe, na kamba hiyo hiyo huvipandisha vibebeo vitupu upande wa pili. Kwa hiyo swali kubwa si nguvu ya mtambo wa kuvuta. Swali ni breki: nani atauzuia mzigo usikimbie? Fundi wa Leipzig alianza na swali hilo. Wengi wetu tunaonunua magari hatufiki hata kuliuliza.

Ndivyo ilivyo leo kwenye lami ya Mombo. Lori linapanda tupu, au na mzigo mwepesi wa dukani. Linashuka limesheheni kabichi, karoti na viazi vya kwenda Kariakoo. Tufanye hesabu kidogo. Lori lenye uzito wa tani 10 likishuka mita 1,000, nguvu inayopaswa kumezwa njiani inatosha kuchemsha karibu lita 300 za maji baridi. Joto hilo lazima liende mahali. Dereva akitegemea mguu peke yake, sehemu kubwa inaishia kwenye ngoma za breki. Zikipata moto kupita kiasi hazikamati tena. Mafuta ya breki nayo, yakiwa ya zamani, huwa yamekwisha kunyonya unyevu, na unyevu huo huyafanya yachemke mapema. Hapo mguu unazama hadi sakafuni, na utingo hana muda wa kutafuta kabari.

Dereva anayejua kazi yake huchukua gia ndogo juu kabisa, kabla ya mteremko kuanza, kwa sababu lori likishachanganya kasi gia hiyo hukataa kuingia. Injini ndiyo inayomshikia gari, naye anagusa breki kwa vituo. Wapo wengine, na si wachache, ambao huliondoa gari kwenye gia ili kubana mafuta. Naomba wasikie hili: injini za kisasa, gari linaposhuka likiwa ndani ya gia na mguu haupo kwenye mafuta, hukata mafuta zenyewe. Ukiweka nyutro ndipo zinaendelea kunywa. Na anayezima injini kabisa hujinyang'anya pia ule msaada unaolainisha breki na usukani.

Siku hizi mabasi ya mikoani yamefungwa vifaa vya kufuatilia mwendo, chini ya mamlaka ya LATRA. Ni jambo jema. Lakini kifaa hicho kinajua gari linakwenda kasi gani. Hakijui ngoma zimepata moto kiasi gani.

Basi wewe unayetaka gari la kazi ya Lushoto, muuzaji atakupeleka mlimani uone linavyopanda. Mkubalie. Kisha mwambie mtafute mteremko mfupi, mshuke polepole, msimame chini. Sogeza kiganja karibu na kila ringi bila kugusa. Gurudumu moja likiwa na moto kuliko mengine, breki za gari hilo hazigawani kazi, na bei bado haijafika pa kukubaliana.