Jani, Jivu na Manjano: Majina ya Rangi na Chimbuko la Mandhari Dhahania

Mtu akisimama Tumbi, Kibaha, baada ya mvua za masika akaulizwa aionaje nchi, aghalabu atajibu: imekuwa ya kijani. Hataji mkorosho wala mnazi. Ataja rangi peke yake. Katika mhadhara huu nitajaribu kuonyesha kwamba jibu hilo lina historia, na kwamba historia hiyo inapingana na dai kuwa uchoraji dhahania wa mandhari ni fikra ngeni kwa Waswahili.

Kisarufi, rangi tatu tu huchukua viambishi vya upatanisho: -eupe, -eusi na -ekundu. Ndizo ambazo Berlin na Kay, katika utafiti wao wa mwaka 1969, waliziweka mwanzoni mwa mfuatano wa majina ya rangi katika lugha za dunia. Nyingine zilichumwa katika mazingira. Kijani kilitokana na jani, na kijivu kilitokana na jivu. Manjano na zambarau ni mimea iliyovuka Bahari ya Hindi ikastawi Unguja na Pemba. Samawati inatokana na neno la Kiarabu la mbingu.

Kiambishi ki- katika kijani ni kile cha namna, kama katika kitoto na kizee. Kijani si jani, bali ni kwa namna ya jani. Anayesema "gari la kijani" halifikirii jani tena. Kukiacha kitu na kubakiza sifa yake ndio udhahania wenyewe.

Sanaa nayo ilipita njia hiyo. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972, mara nyingi alimweka mnyama juu ya uwanja wa rangi moja, bila upeo wala kivuli. Mnyama alibaki mnyama, ilhali mbuga iligeuka rangi tupu. Wachongaji wa Kimakonde nao waliuita mawingu mtindo wao wa maumbo yaliyojipinda, yasiyolazimika kufanana na kitu.

Hapana budi, basi, tuwe waangalifu mwanafunzi anapodai mbele ya picha kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuieleza. Kabla ya kuunda istilahi mpya, na achunguze kwanza majina ya rangi anayoyatumia kila siku.