Goma: mbio za saa 72 dhidi ya VVU

Dawa za PEP huzuia virusi vya Ukimwi zikianzwa ndani ya saa 72 baada ya mtu kubakwa, kisha zikamezwa kila siku kwa siku 28. Katika miaka ya 1990 zilitolewa hasa kwa wauguzi waliochomwa na sindano zenye damu ya wagonjwa. Baadaye ziliwafikia waliobakwa.

Mjini Goma, vita vya M23 vilivyoanza upya mwishoni mwa 2021 vilijaza wakimbizi wa ndani katika kambi za Bulengo, Lushagala, Rusayo na Kanyaruchinya. Wanawake wengi walishambuliwa wakitafuta kuni. Mwaka 2023 Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) walihudumia watu 25,166 waliofanyiwa ukatili wa kingono nchini Kongo, karibu 9 kati ya 10 wakiwa Kivu Kaskazini.

Zahanati za kambini zilifupisha safari. Wahamasishaji wa jamii nao waliwaeleza wanawake, kwa siri, kwa nini wasichelewe.

Januari 2025 M23 waliteka Goma. Februari kambi zikavunjwa. Waliorudi Masisi na Rutshuru wako mbali na zahanati hizo, na saa 72 zinaweza kuisha njiani.